Harufu ya Teluri

Inspekta Akello aliisoma ripoti ya kamati ya chuo mpaka mwisho, kisha akairudisha mezani akiisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa sahani iliyotuliwa na nzi. Uzembe wa marehemu. Maneno matatu tu, na kamati nzima ya wasomi ilikuwa imeridhika nayo.

Marehemu alikuwa Waithira, mtafiti kijana wa fizikia, binti ya Mzee Bildad Mburu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kibuye, Kisumu. Jumamosi alasiri, chuo kikiwa kitupu, mrija wa kioo ulipasuka ndani ya tanuri la maabara. Waithira alikutwa sakafuni nyuma ya mlango uliofungwa, kigae kimemkata shingoni. Leo ilikuwa Jumatano. Mwili ulikuwa bado mochari, na mwenyekiti wa kamati alikuwa akimsihi Akello kwa sauti ya msibani atie sahihi yake ili familia ikazike. Msichana alipandisha moto haraka mno, alieleza. Alijifungia ili asisumbuliwe. Alikufa papo hapo bila kujua kitu. Basi.

"Alijifungia kwa nini?" Akello aliuliza. "Yaani, kwa kifaa gani?"

"Kwa ufunguo, madam."

"Uko wapi?"

Mwenyekiti alimgeukia Profesa Laban Oluoch, mkuu wa maabara, aliyekuwa amekaa pembeni na suti ya kijivu, miguu ameikunja mmoja juu ya mwingine. Profesa alisema kwa utulivu kwamba bila shaka ufunguo ulipotelea kwenye vifusi.

Akello na makonstebo wake walikuwa wamevichekecha vifusi hivyo Jumatatu kutwa, kwa chekecheke ya mchanga waliyoazima kwa fundi. Walipata vitone vya bati lililoganda, kibanio cha nywele na vigae visivyo na idadi. Ufunguo hawakuuona. Na huo moto wenyewe ulikuwa umeshindwa hata kuchoma kalenda iliyoning'inia ukutani, sembuse kuyeyusha ufunguo wa shaba. Aliwaambia hivyo. Aliwaambia pia kwamba hatatia sahihi, leo wala kesho, na kwamba kama kuna mtu mwingine anayetaka kumwita marehemu mzembe, amwite sasa akimtazama yeye machoni. Hakuna aliyemtazama.

Profesa Laban alimfuata koridoni. Alisogea karibu na kuinamisha kichwa kama mtu mwenye siri nzito. Alikuwa akimumunya peremende, na chini ya ile peremende kulikuwa na harufu ya kitunguu saumu. Alisema hakupenda kuyasema haya mbele ya kamati. Yeye mwenyewe alikuwa Port Victoria siku ile kwenye matayarisho ya matanga, akafika maabara Jumapili baada ya wazima moto kuosha chumba na kufungua madirisha yote. Lakini yuko mtafiti aitwaye Oyugi. Huyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya feni ya kufyonza mvuke, na feni haikufanya kazi. Ijumaa watu walimsikia akigombana na Waithira mpaka sauti zikavuka ukuta. Jumapili akatoweka, simu akazima.

"Mimi simtuhumu mtu," Profesa alimaliza. "Nakuachia wewe kazi yako."

Habari za ugomvi na kutoweka Akello alikuwa nazo tayari, na zilikuwa zikimkereketa. Aliingia garini, akaubamiza mlango, akashika barabara ya Bondo, kuelekea kwao Oyugi.

Alimkuta Oyugi katika kijiji cha Usenge, nyumbani kwa mama yake, hatua chache tu kutoka ufuoni. Omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imetandazwa juu ya nyavu kuukuu mpaka kwenye kizingiti cha mlango, na wanunuzi walikuwa wakipita katikati yake wakibishana bei. Oyugi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na ushei, ndevu hazijanyolewa tangu juma lililopita. Alipoliona gari hakukimbia. Alinyanyuka tu, akamwambia mama yake kwa Kijaluo aingie ndani, akaunganisha mikono yake mbele kama anayengoja pingu.

Akello alimwuliza kwa ukali ni mtu wa namna gani anayemwacha mwenzake mochari akaja kujificha nyuma ya samaki. Oyugi alisema Profesa Laban ndiye aliyempigia simu Jumapili asubuhi. Alimwambia kwamba polisi wamekwisha kuamua, feni ni yake na lawama ni zake, azime simu na kukaa kimya huko kwao mpaka mambo yapoe, yeye Profesa atazungumza na wakubwa. Naye aliogopa. Alimshukuru, hata.

Akello alisimama akiitazama ile omena. Mtu yule yule aliyemficha Oyugi ndiye aliyemnong'oneza yeye akamkamate.

"Mligombana nini Ijumaa?"

Oyugi aliingia ndani, akarudi na kopo la filamu la zamani. Ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na kipande cha fuwele kidogo kuliko ukucha, cheusi chenye mng'ao kama kisu kipya, upande mmoja umekatwa kwa msumeno mwembamba. Alisema Waithira alimpa amtunzie. Akello alimwambia aeleze kwa lugha ambayo hakimu ataielewa.

Oyugi alieleza. Fuwele za jamii hii zina jina refu, vihami-fuwele vya kitopolojia, na hutengenezwa kwa bati na madini yaitwayo teluri. Kihami ni kitu kisichopitisha umeme. Hii nayo, ikitengenezwa safi, ndani yake umeme haupiti. Lakini juu, kwenye ngozi yake, elektroni hupita bila kizuizi, kana kwamba zimechongewa barabara yao. Kinachoilinda barabara hiyo ni mpangilio wa atomi, upande huu ukifanana na ule kama mtu na sura yake kwenye kioo. Mfanano huo ukiwepo, njia haifungiki. Ukiikunja fuwele mfanano ukaharibika, njia hujifunga.

Profesa Laban alikuwa amepata jina kubwa kwa fuwele aliyosema imezaliwa kwenye tanuri la Kisumu. Ilipelekwa ng'ambo kwenye mashine kubwa, elektroni za ngozi yake zikapigwa picha, na dunia ikapiga makofi. Jengo jipya la maabara lilikuwa likingoja kufunguliwa Ijumaa kwa ajili ya picha hizo. Kipande kile kwenye kopo kilikuwa ndugu ya ile iliyopigwa picha, cha tanuri moja, au ndivyo Profesa alivyosema.

"Waithira akaikunja," Oyugi alisema. "Umeme haukubadilika. Akaipunguza unene kwa msumeno. Madam, kama umeme uko kwenye ngozi, ukipunguza nyama ngozi inabaki, na umeme unabaki vile vile. Huu ulishuka. Ulikuwa unapita ndani kote, kama kwenye chuma kibovu chochote."

"Kwa hiyo picha ni za uongo?"

"Picha ni za kweli. Fuwele iliyopigwa picha ndiyo haikutoka kwetu. Aliinunua kwingine, akaipa jina letu."

Ugomvi wa Ijumaa ulikuwa huo. Oyugi alitaka waandikie wale wa ng'ambo mara moja. Waithira alikataa. Alisema Profesa ni kama mzazi wao, aambiwe yeye kwanza, apewe nafasi ya kujirekebisha. Na wakati huo huo kulikuwa na mrija mwingine ndani ya tanuri. Waithira alikuwa ameupika kwa siku nyingi, moto akiupandisha polepole sana, maana teluri ikipashwa ghafla kabla haijashikana na bati huchemka na kuupasua mrija. Vipande vya majaribio vya mkono wake vilikwisha kuonyesha dalili zote nzuri.

"Yake ilikuwa inatokea kweli," Oyugi alisema. "Hakutaka kumwaibisha mtu. Alitaka tu Kisumu iwe nayo kweli."

Akello alimpa muda afute uso. Kisha alimwuliza alikuwa wapi Jumamosi alasiri.

"Sikuwa maabara. Ninuse."

Akello alidhani anafanyiwa mzaha, na mkono wake ulikwisha kunyanyuka. Oyugi alirudi nyuma, akaeleza haraka. Watu wote wa maabara ile waliiogopa teluri kwa jambo moja. Ukivuta mvuke wake hata kidogo, mwili huugeuza, na pumzi yako na jasho lako hunuka kitunguu saumu kwa majuma. Kupiga mswaki hakusaidii. Yeye mwenyewe yalimkuta mwaka juzi, mkewe akamhamishia sebuleni mpaka yakaisha. Yeyote aliyekuwamo chumbani mrija ulipopasuka, ameibeba harufu hiyo mpaka leo.

Ufuo wote ulikuwa ukinuka omena. Akello alimwingiza Oyugi garini, akafunga vioo, akamwamuru apumue usoni pake. Alipata chai ya maziwa na hofu. Hakuna kingine.

Alikaa pale na mikono juu ya usukani, akiisikia tena ile harufu ya koridoni chini ya peremende.

Lakini harufu si ushahidi. Mtu anaweza kula kitunguu saumu akipenda. Kwanza alitaka kujua kama maneno ya Oyugi ni ya kweli, na mtu wa kumthibitishia alikuwa mmoja tu. Alimwandikisha Oyugi maelezo, akalitia kopo kwenye bahasha ya vielelezo, wakarudi pamoja njia ya Kisian mpaka Otonglo, nyuma ya soko, alikoishi Waswa, mlinzi wa chuo aliyeuvunja mlango Jumamosi.

Waswa alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, peke yake, shati amelivua. Kabla Akello hajaketi alijua. Harufu ilimfikia kutoka mbali, nzito, ya kitunguu saumu kilichooza. Mke wa Waswa alisema kutoka jikoni kwamba amemlisha mumewe limau, amemwogesha kwa majani, na kama serikali ina dawa ilete. Mtu huyo hajala kitunguu saumu mwezi mzima.

Akello alimwuliza alichokiona. Waswa aliyasimulia yale yale ya kamati: mlipuko, mbio, mlango, sululu. Halafu akakuna goti.

"Kuna kitu wamekuambia kuhusu kugonga, madam?"

"Kugonga nini?"

"Mama, huyo msichana alikuwa anagonga. Mi nilisikia nikiwa geti ya pili. Anagonga mlango na mkono, hivi, hivi. Nikajaribu kufungua, imefungwa. Nikakimbia kutafuta sululu. Nikirudi amenyamaza."

"Uliwaambia kamati?"

"Niliwaambia. Mwenyekiti akasema hiyo haina haja."

Akello alisimama. Alikwenda mpaka kwenye ua wa michongoma, akawapa mgongo. Papo hapo, walikuwa wamesema. Bila kujua kitu. Waliuandika uongo huo kwa wino na kumpelekea baba wa mtoto kama pole. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya chini sana, na Oyugi, aliyekwisha kuuzoea ukali wake, aliogopa zaidi. Alimwomba Waswa aje kesho kituoni na aende hospitali atoe mkojo upimwe. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa hakimu. Saa nne aliingia ofisini kwa Profesa Laban na kibali cha mahakama mfukoni, nyuma yake konstebo wa kuandika. Dirishani lilionekana jengo jipya, limevishwa riboni, na watu wakipanga viti.

Alimwuliza tena alikuwa wapi Jumamosi. Port Victoria. Aliingia lini maabara? Jumapili, baada ya kuoshwa. Alirudia maswali hayo kwa mpangilio mwingine, Profesa akajibu vile vile, sasa kwa uchovu wa mtu anayemvumilia mjinga.

"Unakula kitunguu saumu, Profesa?"

Alicheka kidogo. "Daktari ameniagiza. Kwa ajili ya presha."

"Vizuri. Basi mkojo wako hautakuwa na teluri."

Peremende iligonga meno ya Profesa, ikatulia. Akello alikiweka kibali mezani, akamwambia gari la kumpeleka hospitali liko chini. Profesa alikisoma mara mbili. Alisema mtu aliyefanya kazi na teluri maisha yake yote hawezi kukosa chembechembe zake mwilini, na mahakama yoyote yenye akili itaelewa hivyo.

"Oyugi pia amefanya kazi nayo. Nimemnusa, hana harufu. Waswa hajawahi kuigusa, na mkewe amemtoa nje ya nyumba. Tofauti ni chumba kimoja na alasiri moja."

"Hizo ni habari za harufu, Inspekta. Mimi ni mwanasayansi."

"Na Waithira alikuwa nani?"

Akello aliinama, viganja juu ya meza, mpaka nyuso zao zikakaribiana na ile harufu ikamjaa puani.

"Nitakwambia kitu ambacho kamati yako ilikiona hakina haja. Hakufa papo hapo. Aligonga mlango, Profesa. Alikuwa amejishika shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine aligonga."

"Hakugonga," Laban alisema. "Alikuwa chini, hakusogea, mimi nili..."

Konstebo aliacha kuandika. Kisha akaandika.

Nje, mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Profesa Laban alivua miwani. Akello aliendelea kusimama palepale.

Profesa alisema kwa mkato, akiitazama meza. Waithira alikuwa amemwambia Ijumaa jioni, kwa heshima zote. Jumamosi alikwenda maabara kuiharibu ile fuwele mpya. Hilo tu. Bila ile mpya hakuna wa kulinganisha, na kipande cha zamani angekitafuta baadaye. Alipandisha moto mpaka juu, feni akaizima ili kelele zake zisimwite mlinzi. Msichana hakutakiwa kuwapo. Aliingia, akaona kipimo, akakimbilia swichi. Hakumlaumu, hakumwuliza kitu, alikimbilia swichi. Ndipo mrija ukapasuka.

"Na mlango?"

"Ule mvuke ni sumu. Ilinibidi nizuie usienee."

"Uliufunga kwa ufunguo kuzuia mvuke?"

Profesa alivaa tena miwani.

"Uko wapi?"

Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akautoa pamoja na zile za nyumbani kwake na za gari, zote kwenye pete moja, akauweka mezani. Tangu Jumamosi alikuwa akitembea nao. Alifungua mlango wa kwake kila jioni, huu ukigongana na zile nyingine.

Akello alimwamuru konstebo amfunge pingu, kwa sababu hakutaka kumgusa mwenyewe. Hakuwa na hakika mikono yake ingeishia kwenye pingu.

Walipokuwa kwenye ngazi, simu ya Akello iliita. Alikuwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa amesikia, na alikuwa na ombi dogo tu: kwamba jambo hili lisitangazwe kabla ya sherehe ya kesho, kwa heshima ya wageni. Akello alimwacha amalize. Alimwambia asiache kuhudhuria hiyo sherehe, maana makonstebo watakuwa wakimtafuta hapo hapo, wakiwa na swali moja kuhusu maelezo ya mlinzi ambayo hayakuandikwa. Akakata.

Duka la Mzee Bildad lilikuwa wazi. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyeishi Kisumu miaka mingi kiasi cha kubishana bei kwa Kijaluo, na tangu Jumamosi hakulala, kwa hiyo alikuwa akifungua duka na kuketi tu nyuma ya kaunta kati ya mabati na ndoo za misumari. Akello alivuta kiti. Alimweleza yote kwa mpangilio wake: fuwele mbili, moto, ufunguo, mtu aliye selo. Mzee alisikiliza bila kutingishika. Alipofika mwisho Akello alisema kwamba Waithira hakukosea mahali popote. Kazi yake ilikuwa sahihi, na alikwenda kwenye ile swichi wakati angeweza kukimbilia mlango.

Mzee Bildad alipangusa kaunta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Walinitumia mtu na barua," alisema. "Waliandika kwamba alikufa papo hapo. Ni kweli?"

Hilo ndilo swali ambalo Akello alikuja akiliogopa. Ingekuwa rahisi. Neno moja, na mzee huyu angelala leo. Lakini juma zima alikuwa ameona watu wakifanya lililo rahisi.

"Si kweli, mzee. Aligonga mlango."

Pikipiki zilipita nje. Mzee Bildad aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia kugusa kaunta, na mabega yake yakatikisika mara moja tu.

"Kuna mtu alimsikia?"

"Mlinzi. Waswa. Alikimbia kutafuta sululu, akauvunja. Hakuwahi."

"Alikimbia?"

"Alikimbia, mzee. Na mpaka sasa ni mgonjwa wa ile hewa."

Mzee Bildad alinyanyuka. Alizima taa ya duka, akachukua kofia yake kwenye msumari, akaanza kuvuta chini ule mlango wa chuma kwa nguvu zake zote. Akello akamsaidia upande wa pili.

"Huyo mwingine tutaonana kortini," alisema akifunga kufuli. "Sasa nipeleke kwa huyu aliyekimbia."